Nyayo za Kibarani

Kila anayekuja kupiga picha ukuta ule huniuliza mimi. "Bi Tumu, nani aliyeuchora?" Kwani mie nimeandikwa usoni? Mie nauza viazi karai na bajia hapa barazani kwangu, Mji wa Kale, mkabala na bohari la Abdulghafur, na mafuta yakishapata moto sitaki maswali. Lakini nimechoka kuisimulia habari hii vipande vipande huku nageuza viazi, kwa hiyo leo nitaisema yote. Atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Aliyeuchora ni Kanze. Ni mwanamke wa Kigiriama, rangi haimtoki kwenye kucha hata siku ya sikukuu, na ubishi wake, lo, hauna dawa. Alikuja kwangu kupanga chumba cha juu akiwa na begi moja na ndoo iliyojaa brashi. Nikamwambia, "Mwanangu, humu ndani sitaki harufu ya rangi." Akajibu kwa adabu zote, "Sawa, Bi Tumu." Asubuhi yake nyumba nzima yanuka mafuta taa. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Mamake anaitwa Dama. Dama alishuka kutoka Bamba mwaka ambao mvua iligoma, mtoto mgongoni, akaishia Kibarani. Siku hizi ukipita Kibarani utaona miti na nyasi, na watu wamekaa wanapunga upepo. Wakati huo palikuwa jaa. Taka za mji mzima zilimwagwa pale, moshi hauzimi, na watu wakiokota chupa na vyuma kwenda kuuza. Dama akawa mmoja wao. Kando ya jaa ni bahari, na maji yakitoka huacha tope jeusi, refu, la kumeza mtu. Vitu vya maana vilikwama huko ndani ya tope: mbao, madumu mazima, vipande vya nyavu. Ukivitaka, uingie. Na ukikanyaga pasipo, unazama mpaka kiunoni, na maji yakirudi yanakukuta hapo hapo.

Dama alikuwa na njia yake. Alitazama nyayo za korongo, yule ndege mkubwa wa jaani mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsifu. Korongo ni mzito. Penye unyayo wake uliokaa juu juu, tope ni gumu, pita. Penye unyayo uliozama, geuka nyuma. Za yangeyange usizifuate kabisa, yule ni mwepesi, atakupeleka kuzimu na mwenyewe ataruka aende zake. Kanze alijua kusoma tope kabla hajajua kusoma a e i o u. Alipokaa ukingoni kumngoja mamake, alichukua kijiti akawachora wale ndege kwenye tope lile lile. Maji yalikuja yakafuta. Kesho yake akachora tena, yakafuta tena.

"Nilikuwa nayatukana maji, Bi Tumu," aliniambia siku moja, tunachambua kunde. "Nilikuwa nasimama pale nayaambia, niachieni walau mmoja!"

Alipokuwa mkubwa akaenda Shimanzi, kule kwenye mabohari na makontena, akapata kazi kwa Maxwell, fundi wa kupaka malori. Huyo Maxwell alikuwa akichora simba. Simba mwenyewe hajapata kumwona hata kwa mbali. Alikuwa na bati lililokatwa umbo la kichwa cha simba, alilorithi kwa bosi wake wa zamani, analibandika kwenye tela, anapitisha rangi, basi. Simba wake wote walikuwa na uso mmoja, uso wa mtu anayeumwa jino. Kanze akaliweka lile bati kando na kuanza kuchora ndege aliokuwa nao kichwani tangu Kibarani. Alichora mwewe akishuka, kwarara wakigombana, korongo amesimama kwa mguu mmoja ametuna kama mwenye mji. Madereva wakapagawa. Walikuja kutoka Changamwe na Miritini kumtafuta "yule dada wa ndege."

Lakini chini ya kila picha liliandikwa jina: MAXWELL. Na aliyeliandika ni Kanze mwenyewe, kwa sababu mwandiko wake ndio uliokuwa mzuri! Hebu fikiria. Unachora kwa mkono wako, kisha kwa mkono huo huo unaandika jina la mtu mwingine, halafu lori linatiwa gia, linakwenda Malaba mpakani na picha yako, na huioni tena maishani. Mie ningekuwa yeye ningemmwagia Maxwell kopo zima kichwani. Kanze alimeza. Alimeza miaka.

Sasa, Bwana Abdulghafur ana malori yake, na yeye ni mtu wa kutazama. Siku moja alikwenda Shimanzi kuchukua gari lake, akakuta mwewe ubavuni, kila unyoya umekaa mahali pake. Akauliza nani kachora. Maxwell akasema, "Ni mimi, mzee." Abdulghafur akamtazama Maxwell, kisha akamtazama yule mwanamke aliye juu ya ngazi, rangi mpaka kwenye nyusi.

"Ajabu," akasema. "Mbona mikono yako misafi?"

Wiki ile ile akamwita Kanze hapa mtaani, akamwonyesha ukuta wa bohari lake la zamani, umepigwa chokaa mpya, mweupe pe. "Nichoree ndege zako hapa," akamwambia. "Tuburudishe macho. Na jina uandike lako."

Kanze alipanda ngazi zangu mbio nikadhani kuna moto. Akanikumbatia na unga wangu mkononi. "Bi Tumu, hili ni lori lisilo na magurudumu! Haliendi popote!" Akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hiyo akamuaga Maxwell. Maxwell alimwambia atarudi tu. Na kweli, kama ukuta ule ungeharibika, angerudi wapi tena? Kwa Maxwell, kwenye jina la Maxwell.

Alhamisi akaanza na chaki za rangi. Alijaza ukuta mzima, mimi nakaanga huku natazama, bajia zinaungua. Katikati akamweka korongo wake wa Kibarani, mkubwa kuliko mtu, na akaanza na jicho, maana kila mara yeye huanza na jicho. Wallahi lile jicho lilikuwa hai. Nikienda kushoto linanifuata, nikienda kulia linanifuata. Nikamwambia, "Mwanangu, umetia fora." Akashuka ngazi, akarudi nyuma kutazama, uso wote meno.

Hakuna aliyewaza Ijumaa. Msikiti wetu ni mdogo, na siku ya Ijumaa hujaa, safu za mwisho hutandika mikeka uchochoroni. Wakielekea kibla, wanaelekea ukuta ule. Abdulghafur hakuwaza, maana yeye huwahi safu ya mbele ndani. Mie sikuwaza, maana sisi wanawake twaswali majumbani. Kanze ni mtu wa kanisa, angejuaje? Basi Ijumaa ikafika, watu wakafunga swala, na mbele yao amesimama korongo mwenye upara, amewakodolea jicho. Watoto wa safu ya nyuma wakajizuia, wakajizuia, kisha mmoja akashindwa. Akaangua kicheko katikati ya swala, na wenzake wote wakafuata.

Astaghfirullah! Baada ya salamu palikuwa na minong'ono mpaka kwenye kona. Akaja Khubaib, mwalimu wa chuo, anayesomesha watoto Kurani. Nimemjua tangu anatambaa. Akasimama mbele ya Kanze kwa heshima, macho chini.

"Dada Kanze, sisi hatuna ugomvi nawe. Kazi yako ni nzuri, hilo sifichi. Lakini sura ya kiumbe chenye roho, mbele ya watu wanaoswali, haifai. Tunakuomba."

Mie nikaruka kutoka barazani na upawa mkononi. "We Khubaib! Mtoto wa watu kapanda ngazi kutwa nzima juani, leo waja kumwambia haifai?"

"Bi Tumu," akaniambia polepole, "wewe ungependa kuswali huku unatazamana na korongo?"

Nikaushusha upawa. Kusema kweli, nisingependa.

Abdulghafur naye akaona haya, maana ukuta ni wake na msikiti ni wake. Akamwambia Kanze, "Binti yangu, chora maua. Chora dele la kahawa na vikombe. Vile havina roho, na ukuta utapendeza."

"Mie si mchoraji wa maua, mzee," akasema Kanze.

"Basi Ijumaa ijayo ukuta uwe umekwisha, kwa namna isiyomkera mtu. Ikiwa huwezi, nitamwita Maxwell achore maua." Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno yana miguu, na kabla ya alasiri Maxwell alishafika uchochoroni na futi yake ya utepe, anapima ukuta huku anapiga mluzi. Nilimuuzia viazi vya baridi kwa makusudi.

Kanze akachukua kitambaa, akakilowesha, akamfuta korongo wake mwenyewe. Aliacha jicho mpaka mwisho, kisha nalo akalifuta. Hakulia. Mie ndiye niliyelia, kwa hasira. Jioni nikamburuta mpaka ufukwe wa Mama Ngina apate hewa, nikamnunulia mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Watu wamejaa, watoto wanakimbizana, yeye ameshika mhogo mpaka umepoa.

"Safari hii hata si maji, Bi Tumu," akasema. "Nimefuta mwenyewe."

Nikamnyang'anya ule mhogo uliopoa, nikamtia mwingine wa moto mkononi.

Asubuhi akaenda kwa mamake, Chaani. Haya niyasemayo sasa sikuyaona, aliyenihadithia ni Dama. Anasema alimwona mtoto uso umemshuka, hakumuuliza kitu, akamwambia, "Twende Kibarani, maji yametoka." Wakapita ile miti mipya, wakateremka ukingoni. Jaa limeondoka, lakini tope liko pale pale, jeusi na linang'aa. Kanze akasema, "Mama, nimekatazwa ndege."

Dama wala hakuinua kichwa. Mazoea ni mazoea, yeye alikuwa anatazama chini. "Nani kapita hapa?" akauliza.

"Kwarara."

"Na hapa?"

"Sululu. Alikuwa anatafuta kula, vile vitundu ni vya mdomo wake." Kanze akajibu bila hamu, kama mtoto anayeulizwa hesabu. "Na pale kunguru wamepigania kitu. Na huyu korongo mzee, anaburuta mguu wa kulia."

Kisha, anasema Dama, Kanze akatazama juu, akatazama huku na huku, na hapakuwa na ndege hata mmoja ufukweni. Hata mmoja. Ndipo akaanza kucheka peke yake katikati ya tope, akashika kichwa, akamwinua mamake akamzungusha, na mama mtu akapiga kelele kwamba watazama wote wawili.

Aliporudi hakuja nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja chuoni, akamngoja Khubaib mlangoni.

"Mwalimu, nina swali. Unyayo una roho?"

Khubaib akafikiri. Ni mtu wa kufikiri yule, hajibu ovyo. "Hauna," akasema. "Roho imeshapita."

"Ahsante sana, mwalimu." Akaondoka, akamwacha amesimama.

Akatundika turubai mbele ya ukuta, na kutoka siku hiyo hakutaka mtu achungulie. Mie nilichungulia, bila shaka, turubai liko mbele ya karai langu. Nikaona amepaka ukuta wote rangi nyeusi. Siku ya tatu Abdulghafur naye akainua pembe ya turubai, akaona chokaa yake nyeupe imegeuka tope.

"Ebo! Nimetengeneza ukuta, wewe wanipaka matope?"

"Ningoje Ijumaa, mzee. Usipoupenda nitaupiga chokaa upya kwa mkono wangu, kisha umwite unayemtaka."

Maxwell alikuwa pale, amejipitisha kama kawaida yake siku zile. Akacheka kwa sauti. Nikamwambia anayecheka mbele ya duka langu sharti anunue. Akanunua.

Ijumaa ikafika. Kabla ya adhana, Abdulghafur mwenyewe akafungua kamba, turubai likaanguka. Watu wakatazama, wakaona tope linalong'aa, na vidimbwi vyenye rangi ya mbingu, basi. Wakatandika mikeka. Swala ikaswaliwa kimya, hakuna mtoto aliyecheka. Mie niko dirishani roho juu, na Kanze yuko nyuma yangu, ameshika bega langu mpaka linauma.

Salamu ikatolewa, watu wakainuka. Na hakuna aliyeondoka.

Wa kwanza alikuwa yule yule mtoto aliyecheka. Alisogea mpaka pua inagusa ukuta, akapiga kelele, "Huyu kunguru! Hawa walikuwa wanapigana!" Wenzake wakamiminika. "Huyu bata, tazama ngozi ya vidole!" Mzee mmoja wa Kibokoni, fimbo mkononi, akawasukuma kando. "Nyinyi hamjui kitu. Huyu sululu, na hivi vitundu ni mdomo wake." Mwingine akasema si sululu, ni membe, ikawa shughuli pevu. Hapakuwa na ndege hata mmoja ukutani, na ukuta ulijaa ndege. Kila mtu alimwona wake.

Kisha yule mtoto akashika mstari mmoja wa nyayo, akaufuata kwa kidole, anatembea. Hatua zikawa ndefu. Akaanza kukimbia sambamba na ukuta. Zikawa ndefu zaidi, vidole tu vimegusa, na mwishowe, huku na huku kwenye tope, alama mbili za kupangusa, za ncha za mabawa. Baada ya hapo, tope tupu. Mtoto akasimama, kidole hewani.

"Kaenda wapi?"

Na uchochoro mzima ukatazama juu. Nawaambia wote! Kofia na vilemba vimepinda nyuma, Khubaib amekodoa, Abdulghafur mdomo wazi, hata mie dirishani nimeinua shingo kutazama kile kipande cha mbingu kati ya mapaa. Nyuma yangu Kanze akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

"Mashallah," akasema Abdulghafur. "Shuka, binti! Shuka wakuone!"

Akashuka, nami nyuma yake, wakampigia makofi. Khubaib akamwambia, "Dada, wiki ijayo nitawaleta wanafunzi wangu wote, wajifunze kutazama." Sasa tazama mambo hayo.

Dama nilikuwa nimemwita mimi. Alikuwa amejibanza kwenye kona na leso yake mpya, anawaonea haya watu. Nikamshika mkono nikampitisha. Hakutazama pale walipotazama wengine. Alikwenda chini, pembeni, penye nyayo kubwa za korongo, zile zilizokaa juu juu. Kandoni mwake palikuwa na nyayo za mtu. Mguu wa mwanamke, peku, kila hatua karibu na hatua ya korongo, na mguu wa kushoto hauna kidole kidogo. Chupa ya Kibarani ndiyo iliyokikata, Kanze akiwa mgongoni.

Dama akavua ndara. Akanishika bega, akainua mguu wake wa kushoto, akauweka juu ya ule wa ukutani. Ukakaa sawasawa.

"Jina, Kanze," Abdulghafur akasema taratibu. "Mbona hujaandika jina?"

Kanze akachovya brashi. Nikamwona Maxwell nyuma ya watu, mikono mfukoni, ananyoosha shingo asome. Kanze akaandika chini ya ule mguu, kwa zile herufi zake nzuri: KANZE WA DAMA. Maxwell akasoma, akatikisa kichwa, akasema, "Mwandiko wake siku zote ni mzuri," akaenda zake, na safari hii hakupiga mluzi.

Dama hajui kusoma. "Umeandika nini hapo?"

"Jina langu, mama. Na lako."

Dama akalitazama. Akagusa herufi kwa kidole, rangi mbichi ikamshika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka hakika, "Maji hayafiki hapa?"

"Hayafiki, mama."

"Basi liache likauke," akasema, akavaa ndara zake.